Kelele za Balbu za Kuokoa Umeme kwenye Redio ya Ridhaa: Mwongozo Kamili wa Kuzisaka na Kuzizima

Fanya jaribio hili leo jioni. Taa zote za nyumba zikiwa zinawaka, washa redio, nenda kwenye bendi ya mita 40, tafuta mahali patupu karibu na 7.1 MHz na uandike mita ya S, ile inayoonyesha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, inasoma ngapi. Kisha zima taa zote, chumba kwa chumba, na uandike tena kabla dakika mbili hazijapita. Usilinganishe usomaji wa mchana na wa usiku, kwa sababu mita 40 usiku huchangamka yenyewe: radi na vituo vya mbali hupandisha kelele, ukaishia kuilaumu balbu isiyo na kosa. Linganisha papo kwa papo. Sindano ikishuka kutoka S7 hadi S3, umeshapata nusu ya jibu na hujanunua kitu.

Mimi sikuanza hivyo. Nilibadilisha kebo ya koaksia, nikahamisha ethi, nikanunua kichujio cha umeme nikakiweka nyuma ya redio, na muda wote huo chanzo kilikuwa balbu moja ya mlangoni iliyokuwa ikiwashwa kila magharibi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusaka. Dawa zenyewe ni chache na nyepesi, ila zinafanya kazi pale tu unapojua unamtibu nani.

Kelele huzaliwaje

Balbu ya zamani ya uzi wa tungsteni haina cha kupigia kelele. Ni uzi unaopata moto mpaka ukang'aa. Balbu ya kuokoa umeme, iwe ya mrija wa floresenti uliosokotwa au ya LED, ina sakiti ndani ya shingo yake. Umeme wa ukutani hupita kwenye dayodi na kapasita ukawa mkondo mnyoofu, kisha transista huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde. Kwenye balbu za mrija ukataji huo kwa kawaida huwa kati ya 25 na 60 kHz. Kwenye LED nyingi huwa makumi ya kHz, na nyingine huvuka 100 kHz.

Unaweza kujiuliza 47 kHz inahusiana nini na redio ya mita 40. Jibu liko kwenye umbo la mkato. Transista haifungui na kufunga taratibu. Inaruka ghafla, na kila mruko mkali huzaa harmoniki, yaani mawimbi ya masafa mara mbili, mara tatu, mara mia ya yale ya mwanzo. Mara 150 ya 47 kHz ni 7,050 kHz, katikati ya bendi. Harmoniki ya chini yake iko 7,003 na ya juu yake 7,097. Kwa hiyo ukizungusha kitufe cha masafa utakutana na mvumo, kimya, mvumo, kimya, kila baada ya 47 kHz. Alama hiyo ya kujirudia ni ya kukariri, kwa maana vyanzo visivyokatakata umeme hivyo, kama cheche za nguzo ya umeme, havina.

Alama ya pili ni kuhama. Sakiti ya balbu haina fuwele ya kuishikilia kwenye masafa yake, kwa hiyo joto huisogeza. Ikisogea hata Hz 100 tu kule chini, harmoniki ya 150 husogea kHz 15 kule juu. Kwenye skrini inayoonyesha masafa yakitiririka utaona mstari mnene, wenye kingo za manyoya, ukianza mahali pamoja taa inapowashwa, kisha ukipinda taratibu kwa dakika kadhaa kama moshi unaosukumwa na upepo mdogo, halafu ukinyooka balbu inaposhika joto lake. Ukiisikiliza kwa SSB, mpangilio wa redio wa mazungumzo kwenye bendi hizi, ni mvumo mzito wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mvumo huo ni umeme wa ukutani unaojipenyeza: Hz 100 kwenye nchi zenye umeme wa Hz 50, Hz 120 kwenye zile za Hz 60.

Sasa shika hili, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Balbu yenyewe ni fupi mno kurusha mawimbi ya mita 40 au 80. Inachofanya ni kuisukuma kelele kwenye waya iliyoifunga, na waya hiyo inapanda darini, inazunguka vyumba, inashuka kwenye swichi, inarudi. Balbu ni kisambazaji. Nyaya za nyumba ndizo antena yake. Ndiyo sababu balbu ile ile huweza kukaa kimya ukiifunga kwenye taa ya mezani yenye waya wa mita moja, ikahamia sebuleni ikaiziba bendi nzima.

Je, viwango havizuii jambo hili? Vipo. CISPR, kamati ya kimataifa iliyoundwa miaka ya 1930 kushughulikia mwingiliano wa redio, ina kiwango chake namba 15 mahususi kwa vifaa vya taa. Kati ya 5 na 30 MHz kinairuhusu taa iachie hadi desibeli 60 juu ya mikrovolti 1 kwenye waya wa umeme, yaani milivolti 1. Linganisha na S9 kwenye redio yako, ambayo kwa HF, yaani masafa ya 3 hadi 30 MHz, ni mikrovolti 50. Taa iliyofaulu mtihani kihalali inaweza kuwa na kelele mara 20 ya S9 kwenye waya unaopita juu ya kichwa chako. Kabla haijafika kwenye antena hupotea sehemu kubwa, lakini kama antena iko karibu na nyumba haipotei yote. Na kuna balbu sokoni ambazo vijenzi vya kuchuja viliondolewa ili bei ishuke: nafasi za koili na kapasita zimechorwa kwenye kibao cha sakiti, mashimo yapo, vijenzi havipo.

Usalama kwanza

Usifungue balbu. Kapasita iliyo ndani hubaki na chaji ya mamia ya volti hata baada ya kuzimwa. Balbu za mrija zina zebaki kidogo, miligramu chache tu. Mrija ukivunjika fungua madirisha, toka chumbani kwa muda, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu, usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Kazi yoyote ya nyaya za kudumu ndani ya ukuta au dari, mwachie fundi umeme. Hatua zote hapa chini zinafanyika kwa swichi, redio na waya zilizo nje, isipokuwa pale nitakapotaja fundi.

Hatua ya 1: Pima kwa namna inayoweza kurudiwa

Chagua masafa matupu manne: moja kwenye mita 80, moja mita 40, moja mita 20, moja mita 10. Yaandike. Tumia antena ile ile, kichujio cha upana ule ule, kikuzaji cha mbele kikiwa kimezimwa. Kila kipimo cha siku zijazo kifuate mpangilio huo bila kubadilisha hata kitu kimoja.

Usiiamini sana mita ya S. Kwa makubaliano, kila kizio cha S ni desibeli 6, lakini redio nyingi chini ya S9 hazifuati. Kizio kimoja huweza kuwa desibeli 3 au 4 tu. Njia iliyo bora zaidi ni hii: zima AGC, ile sehemu inayosawazisha sauti yenyewe, weka redio kwenye SSB, punguza kitufe cha RF, kinachodhibiti nguvu ya mawimbi yanayoingia, mpaka sauti isipasuke, kisha chomeka mita ya volti za AC kwenye tundu la spika. Volti zikipungua nusu, kelele imeshuka desibeli 6. Zikipungua hadi theluthi, ni karibu desibeli 10. Mita ya kawaida ya mafundi inatosha.

Hatua ya 2: Je, adui yuko ndani au nje?

Ihamishie redio kwenye betri. Kama unatumia kompyuta, nayo iwe kwenye betri, chaja ichomolewe kabisa ukutani. Sasa zima meinswichi ya nyumba. Kelele ikiisha, iko ndani. Ikibaki vile vile, iko nje, na unaweza kurukia sehemu ya majirani huko chini. Ikishuka kidogo tu, iko kote kuwili, na utaanza na ya ndani kwa kuwa hiyo unaimiliki.

Rudisha umeme kama ulivyokuwa, kisha chomoa antena uone. Antena ikitoka, kelele nayo iishe karibu yote. Ikibaki, inaingia kupitia chaja, waya wa data au kisambaza umeme cha redio, na balbu zinaweza kuwa hazina hatia.

Hatua ya 3: Zima zote, kisha washa moja moja

Hapa ndipo wengi hupotea, na nitakaa kidogo.

Mtu huanza na nyumba iliyowaka taa zote, anazima ya jikoni, anaangalia mita, haijasogea. Anaiwasha, anazima ya chumbani, haijasogea. Anamaliza nyumba nzima, anasema balbu si tatizo. Hesabu inaeleza kosa liko wapi. Ukiwa na balbu mbili zenye kelele sawa, kuzima moja hushusha desibeli 3 tu, nusu ya kizio cha S. Ukiwa na nne zilizo sawa, kuzima moja hushusha desibeli 1 na kidogo, kiasi ambacho sikio halitambui. Na kama moja ni kali kuliko nyingine zote, zile dhaifu zimejificha nyuma yake kabisa. Ungezizima zote bila kuona mabadiliko.

Kwa hiyo geuza. Zima kila kitu mpaka sakafu ya kelele iwe chini kabisa. Andika. Washa taa moja, subiri dakika tatu ipate joto na mstari wake utulie, pima kwenye masafa yako manne, andika, zima. Nenda ya pili. Kila taa sasa inajitangaza yenyewe juu ya kimya. Taa inayopandisha S3 kuwa S7 utaiona bila kubahatisha, na hata ile inayopandisha S3 kuwa S4 utaiona.

Usipime masafa mamoja tu. Balbu moja huweza kuwa safi mita 20 na kuangamiza mita 80, kwa sababu urefu wa waya wake wa darini unaitikia zaidi kwenye bendi hiyo. Nyingine hukaa kimya HF yote ikaenda kufungua skelchi, ile sehemu inayonyamazisha spika pasipo na anayeongea, kwenye redio ya mita 2.

Kumbuka pia taa zisizozimika kweli. Mahali swichi ilipofungwa kwenye waya wa nyutro badala ya laivu, au waya za swichi mbili za ngazi zinapolala sambamba kwa umbali mrefu, umeme kidogo huendelea kuvuja hadi kwenye balbu. Kapasita yake hujaa polepole, sakiti hujaribu kuamka, hushindwa, huanza upya. Gizani utaona balbu ikimeta kila baada ya sekunde kadhaa, na kwenye redio utasikia mkwaruzo mfupi wa wakati uo huo. Hiyo kazi ya kurekebisha swichi ni ya fundi. Taa zenye kihisi cha kutambua mtu nazo zina sakiti inayofanya kazi saa zote, hata zikiwa giza. Swichi za kupunguza mwanga hukata umeme katikati ya wimbi lake na zinaweza kupiga kelele kuliko balbu yenyewe; zijaribu zikiwa kwenye mwanga kamili, halafu katikati.

Hatua ya 4: Tembea na redio ndogo

Redio ya mfukoni ya masafa ya kati, ile yenye kijiti cha feraiti (kauri nyeusi yenye tabia ya sumaku) ndani, ni kifaa cha upelelezi kizuri kuliko vingi vya gharama kubwa. Iweke mahali pasipo na kituo, karibu na mwisho wa chini wa bendi, sauti juu. Isogeze kwenye balbu inayoshukiwa. Katika nusu mita mvumo utakufahamisha.

Usitafute upande wenye sauti kubwa. Ni mpana na hudanganya. Tafuta upande wa kimya. Geuza redio polepole mpaka mvumo uzame ghafla: hapo ncha ya kijiti cha ndani inaelekea kwenye chanzo. Fanya hivyo kutoka sehemu mbili tofauti na mistari itakatana. Ndani ya nyumba mbinu hii huvurugwa na nyaya, maana waya wa ukutani unaobeba kelele husikika kama chanzo. Ukiona sauti inakufuata ukutani kote, fuata ukuta. Itaongezeka kadiri unavyoikaribia balbu inayoisukuma.

Hatua ya 5: Ipime balbu mezani

Ukishaijua balbu, ihamishie kwenye kituo cha majaribio. Mimi natumia kishikio cha balbu chenye waya wa mita 4 ulionyooshwa sakafuni, si uliokunjwa, na redio ya betri yenye masafa mafupi nusu mita kutoka kwenye huo waya. Urefu wa waya una sababu: kama nilivyosema, bila antena balbu mbovu huonekana njema. Kwa kila balbu sikiliza karibu na 0.6, 1.9, 3.6, 7.1, 14.2 na 28.5 MHz, na uipe alama kutoka 0 hadi 5. Alama hizo hazina maana kwa mtu mwingine, ila kwa kulinganisha balbu zako zenyewe zinatosha.

Utajifunza jambo moja haraka: jina lililo kwenye boksi halikuhakikishii kitu. Balbu mbili za chapa moja na wati sawa, zilizonunuliwa kwa kupishana mwaka mmoja, zinaweza kuwa na sakiti tofauti kabisa ndani. Nilikuwa na balbu iliyopata alama 0 kwenye kila masafa. Niliporudi kununua ya pili ya aina hiyo hiyo ilipata 4 kwenye mita 80. Nunua moja, ipime, ikifaulu rudi upesi ununue za nyumba nzima kutoka kundi lile lile la kiwandani, pamoja na za akiba.

Hatua ya 6: Badilisha

Kubadilisha ndiyo dawa ya kwanza, kwa sababu inazima kelele kwenye chanzo badala ya kuipigania njiani. Hizi ndizo tabia za kila aina.

LED zisizokatakata umeme ndizo tulivu kuliko zote za kuokoa umeme. Baadhi zina chipu inayobana mkondo moja kwa moja, nyingine zina kapasita iliyopangwa mfululizo na LED. Hakuna transista inayoruka, hakuna harmoniki. Hasara yake ni kwamba nyingi humetameta mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme wa ukutani. Ukielekeza kamera ya simu utaona michirizi ya giza ikitembea kwenye picha. Si ushahidi kamili, lakini balbu yenye michirizi mikali mara nyingi huwa ya aina hii, na mara nyingi mita ya S huipenda.

Balbu za mrija karibu zote zina ukataji, na kelele yake huongezeka zinapozeeka. Mrija unaokaribia kufa, wenye weusi kwenye ncha, hubadilisha masafa hovyo na kujaza bendi. Sioni sababu ya kuhangaika nazo.

Taa ndogo za volti 12 za darini ni kesi ngumu kuliko zote. Kuna transfoma ya kielektroniki inayokatakata, na ndani ya kila kibalbu cha LED kuna sakiti nyingine ndogo inayokatakata tena, na katikati yake mita kadhaa za waya juu ya dari. Watu huweka transfoma ya chuma wakitumaini kupona. Nusu ya kelele huondoka, ile ya ndani ya vibalbu hubaki. Ukiweza, mwambie fundi azibadilishe ziwe za umeme wa ukutani moja kwa moja, za aina uliyoipima. Mikanda ya LED nayo mara nyingi haina kosa lenyewe. Kosa liko kwenye kisambaza umeme chake au kwenye kidhibiti cha mwanga, na mkanda wa mita 5 ni antena tayari.

Hatua ya 7: Feraiti, kwa kanuni

Balbu isiyobadilishika, au iliyo kwenye fenicha uipendayo, inatibika kwa choki ya feraiti kwenye waya wake, yaani waya uliopitishwa ndani ya feraiti ili kuizuia kelele. Lakini ile feraiti ya kubana unayoiona kwenye nyaya za kompyuta, ukiipitisha waya mara moja tu, haikusaidii kwenye mita 80 wala 40. Kizuizi chake huko ni makumi ya ohm, na mkondo wa kelele hauyahisi.

Nguvu inatoka kwenye idadi ya mizunguko. Kizuizi hukua kwa mraba: mizunguko 3 ni mara 9, mizunguko 10 inakaribia mara 100, mpaka uwezo wa kapasita kati ya mizunguko uanze kuharibu hesabu. Chukua pete kubwa, kipenyo cha nje kama milimita 61, ya mchanganyiko (aina ya feraiti) namba 31, ambao hufanya kazi vizuri kuanzia mita 160 hadi 10. Mchanganyiko 43 hufaa zaidi bendi za juu. Zungusha waya mzima wa taa mara 10 hadi 12, ukihesabu kila mara unapopita tunduni. Hapo unapata maelfu ya ohm.

Waya mzima, nimesema, bila kuchuna ganda na bila kutenganisha laivu na nyutro. Mkondo unaowasha taa huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo sumaku zake hufutana ndani ya pete na feraiti haishibi. Kelele ya redio kwa sehemu kubwa husafiri kwa nyaya zote kuelekea upande mmoja kwa pamoja, na hiyo ndiyo inayokutana na ukuta. Ukipitisha waya mmoja pekee, mkondo wa taa haufutani tena na unaweza kuishibisha pete.

Iweke karibu na balbu iwezekanavyo, sentimita 10 au 20. Waya ulio kati ya balbu na choki bado ni antena. Ukiweka choki upande wa soketi umeulinda ukuta na kuuacha waya wa taa ukirusha. Kwa taa za volti 12, weka choki upande wa kuingia wa transfoma na upande wa kutoka.

Vichujio vya tayari vyenye kapasita kwenda ethi hufanya kazi nzuri pia, kwa masharti mawili: ethi iwe ya kweli, na vifungwe na fundi. Ukivifunga vingi kwenye nyumba moja, mvujo mdogo wa kila kimoja hujumlishana ukaanza kuangusha swichi ya kinga ya mvujo.

Hatua ya 8: Upande wa antena

Baada ya kusafisha nyumba, iondoe antena kwenye eneo la vita. Karibu na waya unaorusha, nguvu ya kelele huporomoka upesi sana kwa umbali, haraka kuliko ilivyo mbali. Mpaka wa eneo hilo ni takriban urefu wa wimbi ukigawanywa kwa 6.28: karibu mita 13 kwenye bendi ya mita 80, mita 6 na kidogo kwenye mita 40. Kila mita unayoisogeza antena ndani ya eneo hilo inalipa.

Antena ya waya inayolishwa mwishoni huteseka kuliko nyingine, maana inahitaji upande wa pili wa mkondo, na usipoipa, itatumia ganda la koaksia na ethi ya nyumba, ambako kelele za balbu zote zinakutana. Daipoli ya kulala, yaani antena ya waya mbili sawa inayolishwa katikati, yenye choki kwenye sehemu ya kulishia na nyingine pale koaksia inapoingilia nyumbani, mara nyingi hushusha kelele bila kugusa balbu hata moja. Choki hiyo ni pete ile ile, koaksia ikizungushwa mara 10 hivi.

Pasipo na nafasi, weka kitanzi kidogo cha kupokelea tu, na kigeuze. Kimya chake kiko upande unaotazamana na uwazi wa kitanzi. Elekeza huko chanzo. Kifaa cha kufuta kelele chenye antena ya pili husaidia sana kama chanzo ni kimoja, kidogo kama ni vitatu. Kitufe cha kukata mipasuko kilichomo kwenye redio kiliundwa kwa cheche fupi, kama za injini za magari, na mvumo wa balbu hupita humo bila kuguswa.

Balbu ya jirani

Redio ya mfukoni imekuelekeza kwenye ukuta usio wako. Weka kumbukumbu kwa siku saba: saa kelele inapoanza, inapokoma, kwenye masafa gani. Ikianza machweo na kukoma usiku wa manane kila siku, ni taa, na pengine unaiona kutoka dirishani kwako.

Nenda mchana, bisha hodi, salimia kwanza, mambo ya redio baadaye. Usimwambie kwamba balbu yake imeharibika, kwa sababu kwake inawaka vizuri. Mwombe aisikie mwenyewe: mpe redio ndogo mkononi, awashe na kuzima taa yake. Nimeona uso wa mtu ukibadilika pale mvumo ulipokatika kwa kidole chake mwenyewe kwenye swichi. Tangu hapo lilikuwa jambo letu sote wawili. Uwe na balbu uliyoipima, umpe bure. Asipokubali, shukuru, uache balbu. Mamlaka ya mawasiliano iwe njia ya mwisho, na kumbukumbu zako za siku saba ndizo zitakazokusemea.

Njia ni ile ile kwenda na kurudi

Ukiona balbu zinapepesa unapotuma wati 100, au LED iliyozimwa ikiwaka kufuata sauti yako, nyaya zile zile za dari sasa zinapokea. Waya unaorusha vizuri kelele ya balbu kwenye mita 40 ndio unaopokea vizuri nguvu yako kwenye mita 40, kwa hiyo tuma kidogo kwenye kila bendi na uangalie ni taa ipi inapepesa: umeonyeshwa waya wa kushughulikia kwanza. Choki zile zile za hatua ya 7 na 8 huzuia pande zote mbili.

Mwisho, bandika karatasi karibu na redio yenye masafa yako manne na usomaji wa nyumba ikiwa kimya, pamoja na tarehe. Kila balbu inapobadilishwa na mtu yeyote nyumbani, rudia vipimo jioni hiyo hiyo na uandike mstari mpya chini ya ule wa zamani. Yangu ina mistari kumi na mitatu, na wa tano ndio ulionifichulia balbu mpya ya bafuni kabla haijamaliza siku mbili.